Farumi ya Ndege: Leo Tunaisawazisha Alpha Jet

Shikamooni wazee wangu wa Mikindani. Na nyie vijana wa Shangani, Chikongola, mpaka Lindi mjini, habari za siku. Leo nipo gereji, hapahapa Ujerumani, na hii nyuma yangu ndiyo ile ndege mnayoniulizia kila nikiweka video.

Hii ni Alpha Jet. Yenyewe halisi ni ndege ya mafunzo ya kijeshi, Wafaransa na Wajerumani waliibuni pamoja, ikaruka mara ya kwanza mwaka 1973. Hii yangu ni robo yake. Ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni mita 2.28, na bila mafuta ina kilo 18. Bodi ni faiba, inaongozwa kwa rimoti, lakini injini ni ya jeti kwelikweli. Sogeeni muione: haizidi chupa ya chai, na ikifunguliwa yote inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Inakunywa mafuta ya taa, lita 20 unachanganya na lita moja ya oili, na kwa kasi kubwa inamaliza karibu nusu lita kila dakika. Ndiyo maana haikai angani muda mrefu, dakika saba au nane naishusha. Ile halisi ina injini mbili. Hii ina moja, bomba la moto ndilo linalogawanyika kutokea pande mbili.

Kuunganisha nyaya na sevo, yaani mota ndogo zinazosukuma vibao vya mabawa na mkia, nitawaonyesha siku nyingine. Leo nataka kazi moja tu, kuisawazisha ndege isilemee mbele wala nyuma, kwa sababu hii ndiyo iliyonigharimu.

Mjomba wangu ana mashua Mikindani. Nikiwa mdogo nilikuwa namsaidia kubeba mawe, tunayapanga ndani kabla hajatweka tanga. Mawe hayo ndiyo farumi. Mashua tupu haendi nayo baharini, na jiwe haliwekwi popote: anasimama, anatazama omo kule mbele, anatazama tezi kule nyuma, ananiambia sogeza hilo mbele kidogo. Miaka yote ile sikujua kwamba ananifundisha urubani.

Mwaka jana nilikuwa na jeti ndogo kuliko hii, kilo 12. Nikabadilisha betri ya puani, nikaweka nyepesi kwa gramu 200, nikaona si kitu. Sikupima upya. Kitovu cha uzito, yaani pale ndege inaposimama sawa ukiiinua, kikarudi nyuma kama upana wa kidole. Iliponyanyuka tu, pua ikapanda yenyewe. Nikaisukuma chini, ikazama mno. Nikaivuta, ikapanda tena, ikakosa mwendo, ikalalia bawa moja na kwenda kwenye shamba la ngano. Hapakuwa na mtu, alhamdulillah. Miezi minane ya kazi usiku. Niliokota vipande hadi giza likaingia.

Kwa hiyo angalieni. Ndege imekaa juu ya pedi mbili, zimegusa chini ya mabawa pale penye alama ya mtengenezaji. Tangi kubwa ni tupu. Kile kitangi kidogo cha kuzuia mapovu yasifike kwenye injini kimejaa, na magurudumu yameshushwa. Kwa nini tangi tupu? Kwa sababu wakati wa kutua mafuta yamekwisha, ndege inakwenda polepole, na hapo ndipo ikiwa haina mizani inakuangusha.

Naachia mkono... mmeona? Mkia unashuka. Taratibu, lakini unashuka. Hii hapa ni risasi, ileile ya chubwi za mishipi. Naiweka puani, mbali kadiri inavyowezekana, maana ukiweka mbali unahitaji kidogo. Gramu 300. Bado. Gramu 400... subirini. Naongeza hiki kipande kidogo, naachia tena. Imetulia. Pua imeinama kidogo sana, kama mtu anayeitikia salamu. Hivyo ndivyo ninavyotaka.

Gramu 430. Nazigandisha kwa epoksi usiku huu, kesho napima tena, maana gundi nayo ina uzito.

Mjomba, najua wanao watakuonyesha hii kwenye simu. Nitumie sauti uniambie: siku hizi bado mnapakia mawe, au mmehamia kwenye viroba vya mchanga?