Roquefort: mlima ulianguka, wao wakaugeuza friji

Haya wadau, wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi. Leo sipo Montpellier. Kuna dada alinikomentia kwenye video iliyopita akasema "wewe kila siku mjini tu, ivi huko Ufaransa hakuna kijijini?" Vipo dada angu, vipo mpaka basi, na leo nimeamka alfajiri nikajaza mafuta nikaja kwenye kimoja kinaitwa Roquefort-sur-Soulzon, kipo Aveyron huku kusini. Soulzon ni mto, ila msije mkadhani ni mto kama Pangani, ni kamto tu kanapita huko chini bondeni.

Subirini nigeuze kamera. Mnaona? Barabara moja ya maana, nyumba zimebanana kama zinaogopa kudondoka, na juu yake huo ukuta wa jiwe. Watu wa hapa hawafiki hata elfu moja. Sasa nikwambie kitu, kijiji hiki ukikitaja jina tu duniani, mtu aliyeko New York au Tokyo anajua unaongelea nini. Anajua chizi, yani jibini. Ile ya vidoa vya bluu, yenye harufu.

Ngoja nianze na njia kwanza maana njia yenyewe ni darasa. Ukitoka Montpellier unaenda kaskazini na ile barabara kubwa ya A75, unapita Lodève, afu ghafla barabara inaanza kupanda mlima kama unaenda Lushoto, masikio yanaziba, ukifika juu unakuta tambarare. Kavu! Huko wanakuita Larzac. Majani mafupi, mawe meupe yametapakaa, upepo, huoni mto wala kijito, maana chini kote ni mawe ya chokaa na mvua ikinyesha maji yanazama yote yanaenda kutokea huko mabondeni. Kwaio mahindi sahau, ngano ni kwa kubahatisha sehemu sehemu. Kilichobaki ni kondoo. Na kondoo atakunywa wapi? Wakachimba malambo, yani malambo kabisa kama ya kwetu ya ng'ombe, ila ya kwao wameyapanga mawe chini ili maji yasizame, wanayaita lavogne. Nilisimama kwenye moja nikapiga picha, wenye magari wakawa wananiangalia huyu dada anapiga picha dimbwi, sikujali. Hilo dimbwi ndo urithi wenyewe, na UNESCO waliliandikisha eneo zima hili la nyanda na wafugaji wake mwaka 2011.

Sasa turudi kijijini, hapa ndo penyewe.

Huu mlima mnaouona unaitwa Combalou. Watu wa Tanga mnayajua mapango ya Amboni, lile jiwe la chokaa lililoliwa na maji polepole mpaka pakawa na vyumba. Hapa jiwe ni la aina hiyohiyo ila mambo yalienda kivingine. Juu kuna jiwe la chokaa zito, chini yake udongo wa mfinyanzi. Maji yakapenya yakaulainisha ule udongo ukawa unateleza, na lile jabali lote la pembeni likaporomoka. Zamani sana hiyo, kabla ya mtu kuandika chochote. Yale mapande yakaangukiana ovyo, katikati yakabaki nyufa na uwazi, eneo la kama kilomita 2 kwa urefu na upana mita 300 tu. Na zile nyufa zinapumua jamani! Wanaziita fleurines. Hewa inaingia kwa huku inatokea kwa kule, imepita kwenye mawe yenye unyevu, ikifika ndani ni baridi ile ile kiangazi na masika, nyuzi 8 mpaka 12 hivi, na unyevu karibu asilimia 95.

Yani mtu mwingine mlima ukimwangukia anahama. Hawa wakachimba humohumo wakajenga maghala ya ghorofa za kwenda chini, mengine yapo chini ya nyumba zao wanazolala, wakawa na friji isiyo na umeme miaka mia na mia kabla umeme haujagunduliwa.

Mimi kwa akili zangu nimeingia na kigauni cha kiangazi kwa sababu nje kulikuwa na jua la nyuzi 31. Dakika kumi meno yananigonga. Bibi mmoja tuliyekuwa naye kwenye kundi akanivulia mtandio wake bila kusema neno, nikamwambia merci madame, akacheka tu. Kupiga video ndani wamekataza sehemu nyingi kwaio picha sina, nisikilizeni tu.

Wenyewe wana hadithi yao, kwamba mchungaji kijana alikuwa anakula mkate na jibini mbichi pangoni, akamuona binti anapita, akaacha kila kitu akamfuata. Kurudi baada ya siku nyingi (hawasemi kama binti alimpata, nimeuliza) akakuta vyote vimeota ukungu, njaa inamuuma akala, akaona mbona tamu. Ni hadithi, ila ukungu wenyewe ni wa kweli na jina lake la kisayansi limebeba jina la kijiji, Penicillium roqueforti. Ni ukoo mmoja na ule uliotoa penisilini ila si uleule, kwaio msije mkaacha dawa mkala chizi. Zamani walikuwa wanaoka mikate mikubwa ya rai, nafaka ya jamii ya ngano, wanaiacha pangoni mpaka ioze kabisa, wanakausha wanasaga, ule unga ndo mbegu. Wapo wanaofanya hivyo mpaka leo.

Maziwa ni ya kondoo tu, na si kondoo yeyote, ni wa kabila moja linaitwa Lacaune, wana masikio marefu ya kulala. Maziwa mabichi, hayachemshwi. Kilo moja ya chizi inakula maziwa lita nne na nusu hivi. Ile duara moja, karibu kilo tatu, wanaitoboatoboa na masindano ili hewa ya pango iingie ndani, maana ule ukungu bila hewa hauoti, ndo maana ukiikata unaona zile njia za bluu zimenyooka. Inakaa uchi pangoni si chini ya siku 14, afu wanaivalisha foili kuupunguza kasi ukungu, na haiendi sokoni kabla ya siku 90. Kazi ya humo ndani zamani ilikuwa ya wanawake, waliitwa cabanières, kukwangua, kugeuza, kupanga, kwenye baridi ile mchana kutwa. Ukutani kuna picha zao wamevaa aproni na viatu vya mbao, na nawaambia hakuna hata mmoja anayecheka. Kuhusu wafalme na watawa kuna maelezo ukuta mzima, kuhusu hao mama zetu picha tatu nne tu, hapo sikupapenda.

Lakini kilichonikaa kichwani ni habari ya jina. Mwaka 1411 mfalme Charles wa Sita aliwapa watu wa kijiji hiki haki kwamba ni wao tu wanaokomaza chizi ya Roquefort, kwenye mapango haya. Mwaka 1666 mahakama ya Toulouse ikapiga marufuku wafanyabiashara kuuza chizi za kwingine kwa jina hili. Na 1925 serikali ikaipitishia sheria, chizi ya kwanza Ufaransa kulindwa hivyo. Kwaio hata ukiwa na kondoo haohao na ukungu uleule, kama haikukomaa kwenye huu mlima ulioanguka, ukiiita Roquefort unaenda mahakamani. Leo makampuni yenyewe ni saba tu.

Nikakumbuka mchele wa Kyela. Nenda soko lolote Dar, kila gunia ni Kyela, jamani Kyela ingekuwa na ukubwa wa Kongo! Mkulima wa kule analima, jina lake linalimwa na kila mtu. Sisemi mfalme aje, ila karatasi moja tu ingemsaidia.

Na hawa watu msiwaone wapole. Mwaka 1971 serikali ilitangaza kupanua kambi ya jeshi kule Larzac, kutoka hekta kama 3,000 mpaka 17,000, ardhi ya malisho hiyo. Wakulima 103 wakaapa hawaondoki. 1972 wakapakia kondoo wakawapeleka Paris wakawaachia pale chini ya mnara wa Eiffel! Wakavutana miaka kumi mpaka rais Mitterrand alipoingia madarakani 1981 akaufuta mpango. Afu Ulaya ilikuwa inakataa nyama ya Marekani yenye homoni, 1999 Marekani ikajibu kwa kuipiga Roquefort ushuru wa asilimia 100, wafugaji na kiongozi wao José Bové wakaenda pale mjini Millau wakaibomoa McDonald's iliyokuwa bado inajengwa. Yeye akafungwa jela kwa hilo. Unapita Millau leo ni mji mtulivu, wanauza glavu za ngozi, na hizo nazo zimetoka kwa kondoo haohao, maana mwanakondoo akitolewa mapema ili mama akamuliwe, ngozi yake laini iende wapi?

Haya, onjo. Nimeonjeshwa aina tatu. Ya kwanza chumvi imenipiga mpaka kwenye masikio, afu inakuja kama mtindi wa kibuyu uliosahaulika, afu mwishoni kuna utamu unabaki kwenye fizi. Ya tatu ndo nimeielewa. Nimenunua kipande, na niwape siri, nyumbani niliwahi kuila na muhogo wa kuchemsha wa moto, inayeyuka juu yake... Wafaransa wasinisikie.

Nikiwa hapa parking nikampigia mama video kumuonyesha. Akaomba nisogeze kamera. Nikasogeza. Akaangalia wee, akavua miwani, akavaa tena. "Mwanangu, hicho kimeota ukungu. Duka si bado lipo wazi? Karudishe, na hela yako udai."