Kuhamia nyumba ndogo: pima kwanza, kufungasha baadaye

Haya wapendwa karibuni, leo tunahama, tena tunatoka nyumba kubwa kwenda ndogo, na hii sio kama kuhama kwingine ambako unapakia kila kitu halafu unasema tutapanga tukifika. Ukifika navyo vyote umekwisha, vitajaa koridoni na wewe utakuwa unapita ubavu ubavu kama kaa.

Kwa hiyo hayo maboksi yaweke pembeni kwanza. Chukua tepu ya kupimia, nenda nyumba mpya ikiwa bado tupu, pima kila chumba urefu na upana, andika kwenye simu. Wengi wanaishia hapo. Wewe pima na milango, koridoni, kona ya ngazi, angalia soketi ziko ukuta gani, na mlango unafungukia wapi, maana mlango wa sentimita 80 ukifungukia ndani, hapo unapopita huwezi kuweka kitu tena.

Sasa rudi ulipo, kazi yenyewe iko hapa. Angalia ninavyofanya, nachukua solotepu ya karatasi nachora chumba kipya hapa hapa sakafuni sebuleni, kwa vipimo vile vile. Tuseme ni mita 3 kwa 3. Kitanda cha tano kwa sita, godoro lake lina upana kama sentimita 152, lakini fremu inazidi, kwa hiyo pima fremu, hii yangu ina 160. Nikikiweka katikati napata 70 kila upande, safi. Haya lete kabati, kwenda ndani lina 60. Imebaki sentimita 10! Nani anapita hapo? Basi nasukuma kitanda mpaka ukutani, upande wa kabati napata 80, napita, na milango ya kabati inafunguka. Atakayelala ukutani atajua mwenyewe namna ya kushuka usiku.

Fanya hivyo kwa kochi, meza, friji, kila kikubwa. Kisichoingia kwenye mistari hakiendi, hata kama alikinunua nani. Mi napenda hii njia kwa sababu inapunguza ugomvi, hakuna wa kusema unapendelea vitu vyako, tepu imeshasema.

Vya kuuza vitangaze mapema jamani. Ukingoja wiki ya kuhama mnunuzi anajua una haraka, atakupa hela anayotaka yeye.

Vitu vidogo anza na stoo na jikoni, usianze na picha na barua, ukizifungua tu siku imeisha umekaa chini unasoma. Jikoni tafuta vinavyojirudia: visu, mabakuli, masufuria yasiyo na mfuniko, mifuniko isiyo na sufuria (sijui huwa vinaachana wapi). Bakisha vinavyotosha watu mnaoishi humo pamoja na wageni wachache, basi. Vitu vya watoto waliokwisha kuondoka nyumbani, wapigie simu, wape tarehe ya kuja kuchukua, na tarehe ikipita gawa. Na lile boksi la "tutaona" mi silikubali, ukiliruhusu moja yatafika kumi na yote yatahama na wewe.

Dawa zilizoisha muda usizimwage chooni, ulizia duka la dawa kama wanazipokea. Vyeti, hati na mikataba tia kwenye begi moja, ubebe mwenyewe mkononi, visipande gari la mizigo.

Siku ya kufungasha, vitabu weka kwenye maboksi madogo, boksi kubwa la vitabu hakuna mtu atalinyanyua. Kitanda na kabati ukishafungua, skrubu zake tia kwenye kifuko, gandisha kifuko kwenye ubao wake huo huo na solotepu, usizichanganye na za kitu kingine. Kochi likigoma mlangoni toa miguu kwanza, halafu lisimamishe wima, mara nyingi linapita.

Friji isafiri imesimama. Ikitokea imelazwa, ukifika isimamishe masaa kadhaa kabla hujawasha ili oili irudi kwenye kompresa, na usiibane ukutani, iachie nafasi nyuma itoe joto. Hiyo nafasi nayo ulitakiwa uichore kwenye mistari, kwa hiyo kama hukuichora rudi kapime tena kabla gari halijaja.