Kuchora Bamvua na Maji Mafu kwa gnuplot: Kuchagua Tarehe na Kupanga Mihimili

Assalaamu alaykum, watazamaji. Katika video hii tutachora grafu ya kujaa na kupwa kwa maji ya Unguja kwa kutumia gnuplot, programu ya bure inayoendeshwa kwa amri za maandishi. Tutashughulika hasa na namna ya kuonyesha siku chache tu kutoka katika faili lenye vipimo vya mwaka mzima, bila ya kulikatakata faili lenyewe.

Faili letu linaitwa maji.csv. Safu ya kwanza ina tarehe na saa, kwa mfano 08/04/2024 14:00, na ya pili ina kimo cha maji kwa mita. Baina yao pana koma. Hakikisheni kwamba saa nane mchana imeandikwa 14:00 na si 8:00, kisha muangalie kama vipimo vimewekwa kwa majira ya Greenwich, kwani sisi tumeyatangulia kwa saa tatu, na mkulima wa mwani akikosea saa tatu hukuta maji bado ni mengi.

Fungueni programu ndani ya folda lenye faili hilo, kisha andikeni mistari hii:

set datafile separator ","
set xdata time
set timefmt "%d/%m/%Y %H:%M"
set format x "%d/%m"

Mstari wa pili unaiarifu programu kwamba mhimili mlalo ni wa wakati, wa tatu unaeleza tarehe zilivyoandikwa ndani ya faili, na wa nne unaeleza zitakavyosomeka chini ya grafu. Msichanganye %d, ambayo ni siku, na %m, ambayo ni mwezi. Mkizigeuza, tarehe 8 Aprili itasomwa kuwa 4 Agosti, na programu haitalalamika hata kidogo.

Sasa tunachagua siku. Mwezi mpya ulikuwa tarehe 8 Aprili 2024, siku ambayo jua lilipatwa huko Marekani, na bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, huja siku hizo hizo au hukawia siku moja au mbili. Kwa hiyo tunaandika:

set xrange ["07/04/2024 00:00":"14/04/2024 00:00"]
plot "maji.csv" using 1:2 with lines

Amri ya xrange ije baada ya timefmt, na tarehe zake ziandikwe kwa mtindo ule ule wa faili. Anayenakili amri kutoka WhatsApp aangalie alama za nukuu: zikiwa zimepinda, programu itazikataa.

Ili kuona wiki inayofuata, ya maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala hayapwi sana, badilisheni tarehe za xrange ziwe 14/04 na 21/04, kisha andikeni replot, yaani chora upya. Tazameni kwa makini kinachotokea. Mawimbi ya mstari yanaonekana makubwa karibu sawa na yale ya bamvua, ilhali kila mvuvi anajua kwamba sivyo. Sababu ni kwamba programu, ikiachiwa uhuru, huunyoosha mhimili wima ujaze karatasi kwa vipimo vya siku zilizochaguliwa tu. Katika bamvua, tofauti baina ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu hukaribia mita 4, na katika maji mafu hupungua sana. Lakini macho hutazama umbo kabla ya kusoma namba za pembeni. Mimi sikubali grafu mbili zilinganishwe kabla ya kufunga mhimili huu:

set yrange [0:4.5]
replot

Sasa maji mafu yamelala kama yanavyostahili. Iwapo faili lenu lina vipimo vilivyo chini ya sifuri, anzeni na -0.5.

Imebaki alama za mhimili mlalo. Hapa gnuplot huhesabu kwa sekunde, na siku moja ni sekunde 86400:

set xtics 86400
replot

Mkichora mwezi mzima, tarehe zitapandana. Tumieni 604800, yaani wiki moja.

Mwisho tunahifadhi picha:

set terminal pngcairo size 1200,600
set output "majimafu.png"
replot
set output

Msiusahau mstari wa mwisho, ule usio na jina la faili, kwa sababu ndio unaolifunga. Bila ya huo, picha huenda ikafunguka ikiwa tupu.