Kabla Hujatoa Pesa, Ngoja Maji Yapwe

Assalaam aleikum, na wengine wote hamjambo. Wazee wangu mlioketi kule nyuma, shikamooni. Nimewaona humu manahodha wawili watatu walionifundisha kufunga tanga kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga. Nikikosea msingoje nimalize, nirukieni hapo hapo.

Nimeambiwa nizungumzie kununua chombo kidogo cha tanga kilichokwisha tumika, cha kutembelea pwani. Si cha kuvulia, si cha kupakia mkaa. Cha kutoka hapa Tanga mkalala Kigombe, kesho yake mkaingia Pangani, au mkageuza kaskazini, upande wa Moa. Mimi nilisomesha hesabu miaka 31, nikastaafu, nikanunua mashua ya futi 22. Nilinunua vibaya. Nadhani ndiyo sababu nimeitwa, maana aliyenunua vizuri huwa hana la kusimulia.

Mashua ile niliiona saa kumi jioni. Ilikuwa bamvua, zile siku za maji makubwa, maji yamejaa hadi kwenye mizizi ya mivinje, nayo inaelea na rangi yake ya buluu mbichi. Nikapanda, nikakanyaga kanyaga, nikautikisa mlingoti kama mtu anayejua, nikauliza bei. Mwenyewe akaniambia, "Mwalimu, hii haivuji hata tone." Nikachungulia ngama, kule chini kabisa ndani ya chombo yanakokusanyika maji, kweli kukavu. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba kijana wake alikuwa amefua maji, ameyachota na kuyamwaga nje, robo saa kabla sijafika. Nikatoa milioni mbili na nusu.

Sasa nyinyi ni watu wa pwani, mnajua. Siku za bamvua hapa kwetu maji hujaa mnamo saa kumi na hupwa mnamo saa nne, na bahari inashuka zaidi ya mita 3. Ningekwenda siku ile ile saa nne asubuhi ningeikuta imelala ubavu mchangani, tumbo lote nje, nikaikagua bila kumlipa mtu hata shilingi ya kuivuta. Bahari inakivua chombo nguo bure mara mbili kwa siku, mimi nikaenda kukitazama kimevaa! Muuzaji akikwambia njoo jioni, mwambie utakuja asubuhi. Akisema asubuhi hana nafasi, mwache na jioni yake.

Ukifika, achana na rangi. Piga magoti, anzia kwenye ubao wa kwanza kabisa, ule ulioshikana na mkuku, uti wa mgongo wa chombo ulioko chini kabisa. Watu hudhani chumvi ndiyo inayoozesha mbao. Hapana. Chumvi huihifadhi. Kinachoozesha ni maji ya mvua yanayotuama ndani ya chombo kilichoachwa wazi masika nzima. Basi chukua bisibisi, ikandamize kila baada ya shubiri moja, nje na ndani. Mbao nzima inaikataa. Iliyooza inaipokea. Kwangu, fundi niliyemwita nikiwa nimeshalipa alikandamiza karibu na tezi, yaani upande wa nyuma, bisibisi ikazama kama kwenye boga lililoiva. Akaichomoa, ikatoka na unga mweusi wenye majimaji, akaniwekea kiganjani. Hakusema kitu. Alikwenda kunawa mikono.

Halafu tafuta vitundu. Yule mdudu wa baharini anayekula mbao, ambaye wasomi wanasema si mdudu hasa bali ni jamii ya kombe, huingia akiwa mdogo kama ncha ya sindano, akafika ndani akanenepa, akachimba njia yake kuufuata ubao kwa urefu. Kwa nje unaona kitundu ambacho hata punje ya mtama haipiti, ndani pameshakuwa mzinga wa nyuki. Kwa hiyo jicho halitoshi, gonga. Mpini wa kisu unatosha. Tembea nao kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi ukisikiliza. Mbao nzima ina sauti kavu, iliyoliwa sauti yake inafia ndani. Wazee walikuwa na dawa: chombo kinapandishwa pwani, kinapigwa moto wa makuti chini ya tumbo, kisha kinapakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Muulize muuzaji mara ya mwisho kilipigwa moto lini. Asiyekumbuka mwezi, hakupiga.

Tazama na misumari. Mmoja mmoja kulia kutu si ajabu. Lakini kama kila penye taruma, zile mbavu za chombo, kuna mstari wa kutu unaoteremka, hapo hununui mashua, unanunua mbao zilizozoeana.

Kalafati mbaya, ile pamba inayoziba nafasi kati ya mbao, isikutishe. Pamba na mafuta ni kazi ya siku chache, na mafundi wake bado tunao. Tena nataka nimtetee muuzaji kidogo, maana leo nimemsema sana. Chombo kilichokaa juani miezi miwili kitavuja siku ya kwanza hata kama ni kizima. Mbao zimekauka, zimeachana. Zikinywa maji zinavimba na kujifunga zenyewe. Kiache majini siku tatu, ndoo iwe karibu. Siku ya tatu ukiwa unafua kama ulivyofua ya kwanza, mrudishie mwenyewe.

Ndipo ukijaribu kwa tanga. Na hapa kuna ujanja mwingine: muuzaji atakupeleka na upepo. Msimu wa kusi atakuteremsha kuelekea kaskazini, mashua inakimbia, wewe unacheka. Na upepo hata mlango wa kabati unakwenda. Mwambie, "Sasa turudi." Katika kubisha, yaani kwenda dhidi ya upepo, ndipo utakapoona kama inashika njia au inakwenda upande kama kaa, kama mlingoti unalalamika pale chini unapokaa, kama tanga limechoka. Mara mnapopindua, foromali ikihamishwa upande wa pili wa mlingoti, hesabu mmehitaji watu wangapi. Kwangu tulihitaji wanne, na mimi nilikuwa nimepanga kwenda na mke wangu.

Wapo hapa vijana wanaotaka zile za faibaglasi, zinazouzwa na wageni wanaorudi kwao. Sizikatai. Nimewahi kuitwa kusaidia kuikagua moja. Ile haiozi ganda, lakini ina maradhi yake. Chini ya rangi hutoka malengelenge, maji yameingia kwenye ganda lenyewe. Ukikanyaga sitaha ikabonyea, jua mbao iliyofichwa katikati imelowa, na hiyo ni kazi kubwa kuliko malengelenge. Waya za kushikilia mlingoti, pitisha kitambaa juu yake: kikinasa, uzi mmoja umekatika, na mwenzake yuko njiani. Waya hizo zikipita miaka 10 wengi huzibadilisha zote, zikiwa bado zinang'aa. Na vipuri vyake huvikuti dukani barabara ya kumi na mbili.

Lakini la kwanza kwenye hizo ni mkuku. Nyingi zina mkuku mmoja mrefu, mzito, wa chuma au risasi. Kwao huko ni sawa. Hapa kwetu, maji yakipwa mita 3, mkuku ule unakuzuia kuingia vijito vyote vizuri, na ukichelewa kutoka unalala ubavu na vyungu vyako. Zipo zenye mikuku miwili mifupi, zinasimama mchangani kama meza. Zinabisha vibaya kidogo. Mimi ningechukua hiyo bila kufikiri mara mbili. Mlango wa mto Pangani wenyewe una mafungu ya mchanga, unaingiwa maji yakiwa yamejaa.

Karatasi nitazipitia haraka. Angalia usajili na cheti cha ukaguzi cha TASAC, lile shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, jina lililoandikwa liwe la mtu unayempa pesa. Andikishianeni kwa serikali ya mtaa, mashahidi wawepo. Na uliza hivi, bila haya: "Chombo hiki cha nani hasa?" Rafiki yangu mmoja aliuziwa ngalawa na kaka mkubwa. Mwezi wa pili wakaja dada wawili na mjomba: ilikuwa mali ya marehemu, mirathi haijagawanywa. Wala hawakugombana naye, watu wa heshima, walikaa barazani wakanywa chai. Ngalawa ikarudi, pesa hazikurudi.

Vya kujiokolea, nanga mbili, tochi, ndoo, hivyo mtanunua wenyewe. Ila ndoo iwe mbili.

Ninaona mkono pale. Ndiyo, dada yangu?

*Akauliza: "Mwalimu, mbona hujatuambia ile mashua uliifanyaje?"*

Nilibadilisha mbao saba, dada yangu, za msaji kutoka Muheza, na misumari yote ya upande wa tezi. Milioni moja na laki tisa, mbali na chai ya mafundi. Nimekwenda nayo Pangani mara tano, Moa mara moja. Kurudi kutoka Moa tulibisha siku nzima, mke wangu akasema hiyo ndiyo mara yake ya mwisho, na mwanamke yule huwa harudii maneno. Kwa hiyo naiuza. Ipo Mwambani. Keshokutwa ni bamvua, anayeitaka aje na bisibisi yake saa nne asubuhi. Saa kumi jioni nitakuwa nimelala.