Vizibo Ishirini na Viwili

HAMISI: Wapenzi wasikilizaji, hamjambo, karibuni tena. Leo ni michezo. Dada Mwajuma, wiki nzima umenishikilia kwamba mada hii ni yako. Mimi nimecheza beki mtaani mpaka goti likagoma. Wewe je?

MWAJUMA: Mimi sijacheza kitu, kaka. Mchakamchaka wa asubuhi shuleni, wenzangu wameshapanga mstari, mimi ndiyo naingia getini kifua kinawaka. Rede nikiingia kati, mpira wa kwanza tu nimepigwa, natoka. Siku ya netiboli mwalimu mmoja akaniambia, wewe kaa hapo uwalindie wenzako viatu. Nikalinda viatu miaka mitatu.

HAMISI: Ilikuuma?

MWAJUMA: Sana, kwa sababu michezo niliipenda kuliko wengi waliokuwa wanaicheza. Niliipendea nyumbani, kwenye redio.

HAMISI: RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam.

MWAJUMA: RTD, kwetu ilikuwa hiyo tu. Baba alikuwa anaanika betri juani tangu asubuhi ili zifike jioni. Mimi natandika mkeka, napanga vizibo vya soda, 11 huku, 11 kule. Simba ni vyekundu. Magoli ni njiti za kiberiti, mpira ni punje ya hindi. Mtangazaji akisema mpira unaelekea goli la kusini, naisogeza punje kusini. Baba yuko kwenye kigoda, macho kwenye mkeka. Nikikosea ananirudisha: "Huyo namba saba, mwanangu, anakaa pembeni."

HAMISI: Kumbe namba ulizijulia hapo!

MWAJUMA: Zote. Kaka zangu walikuwa nje wanapiga chandimu, lakini timu ikifungwa walikuja kuniuliza mimi beki alikuwa wapi.

HAMISI: Basi 1993 unaikumbuka.

MWAJUMA: Nilikuwa na miaka 12. Fainali ya Kombe la CAF, Simba na Stella ya Abidjan. Kwao tumetoka bila kufungana, kwa hiyo marudiano Dar es Salaam mtaa mzima ulijua kombe limeshafika. Tukafungwa 2-0. Goli la pili linaingia, kizibo cha kipa wetu nimekishika mkononi, sijui nikiweke wapi. Baba akazima redio, akaenda kulala bila kula. Asubuhi vizibo bado viko palepale kwenye mkeka. Hakuna aliyethubutu kuvifagia.

HAMISI: Nyumbani kwetu walikuwa Yanga. Siku hiyo palikuwa na sherehe, nisamehe.

MWAJUMA: Nimekusamehe, tumekuwa watu wazima. Sasa nikuambie nilichokiona siku ya kwanza kuingia uwanjani, nimeshaanza kazi. Redio inafuata mpira. Pale juu jukwaani nikawaona wale wasio na mpira. Mshambuliaji anakimbilia pembeni, wala hahitaji pasi, anamvuta beki tu. Nyuma yake panabaki wazi, mwenzake anapenya. Nilisimama nikashindwa kukaa. Miaka yote ile vizibo vyangu vilikuwa vimetulia vinasubiri punje ya hindi, kumbe vyote 22 vilitakiwa vitembee!

HAMISI: Lakini dada, kuna kitu kwenye kucheza ambacho jukwaani hukipati. Mkishazoeana, mguu unajua pasi inakuja kabla kichwa hakijajua.

MWAJUMA: Sikatai. Hicho nimekikosa, na mpaka leo nakitamani. Ndiyo maana sikubali mtoto asiyeweza mbio apelekwe kulinda viatu. Mpe saa ashike muda, mpe daftari aandike magoli. Na mpira mpe pia, hata dakika tano, akosee kama wenzake.

HAMISI: Hapo nakuunga mkono kabisa. Na mzee, bado anafuatilia?

MWAJUMA: Presha ya macho imemwondolea macho yote mawili. Tumemnunulia televisheni kubwa, lakini mtangazaji wa televisheni anajua unaona, kwa hiyo anasema jina la mchezaji, basi. Baba anabaki anauliza, yuko wapi? Mpira uko wapi? Nikaona isiwe tabu. Nikapunguza sauti, nikaanza kutangaza mwenyewe.

HAMISI: Kama RTD.

MWAJUMA: Kama RTD. Mwanzo nilikuwa nachelewa, nikisema "anapiga" mpira umeshatoka. Nikajifunza kuangalia anayejiandaa kupokea, nikianza na huyo nawahi.

HAMISI: Na Mei 2025?

MWAJUMA: Simba fainali ya Afrika tena, safari hii Kombe la Shirikisho. Miaka 32, kaka! Berkane walishatufunga 2-0 kwao Morocco, marudiano Amaan, Zanzibar. Kombe hatukulipata, iliisha 1-1. Ila kipindi cha kwanza Mutale alipofunga, nilisahau kutangaza. Niliruka, nikapiga kelele, mtaa mzima unapiga kelele. Nageuka, baba amenishika gauni ananivuta: "Goli la wapi? Kusini au kaskazini?"

HAMISI: Ukamwambiaje?

MWAJUMA: Nilipiga magoti, nikamshika kidole, nikamchorea kwenye mkeka njia yote mpira ulikopita, mpaka wavuni.