Mgonjwa wa Tumbo Asinyimwe Dawa ya Maumivu

Ndugu zangu madaktari, nanyi wanafunzi mliokaa huko nyuma, jambo hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia, maana bado linatesa watu. Mgonjwa analetwa usiku, tumbo limekaza kama ubao, anajikunja kwa maumivu. Daktari wa zamu anamtundikia dripu, kisha anaagiza: asipewe dawa ya maumivu mpaka daktari wa upasuaji afike, itaficha dalili. Saa zinapita, mtu analia!

Agizo hilo lina asili yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 hapakuwa na ultrasaundi wala CT, mashine za kupiga picha za ndani ya mwili; mkono wa daktari ndio uliokuwa kipimo, na mofini, dawa kali ya maumivu, ilitolewa kwa dozi kubwa. Woga ulikuwa na msingi. Lakini baadaye wakatokea watafiti waliokubali kuupima woga wenyewe. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, huyu mofini, yule maji ya chumvi, na daktari anayewachunguza hajui nani kapewa nini. Majaribio yakarudiwa. Waliopewa mofini walipata nafuu, na makosa ya kutambua ugonjwa hayakuongezeka. Utando wa tumbo uliovimba huendelea kuuma ukibonyezwa hata kama mgonjwa ametulia. Tena huyo aliyetulia ndiye anayepimika vizuri: hakazi misuli kwa hofu, na anaweza kukueleza maumivu yalianzia wapi.

Mtaniambia, "Walimu wetu walitufundisha hivyo." Walimu nawaheshimu. Ila hata William Halsted, daktari wa upasuaji wa Marekani wa zamani, alikuwa mwalimu mkubwa, na kwa miongo mingi wanawake wenye saratani waliondolewa titi pamoja na misuli ya kifua kwa kufuata njia yake. Bernard Fisher, daktari wa upasuaji wa Marekani, alipoanza kuipima njia hiyo mwaka 1971, alipingwa vikali na wenzake. Matokeo ya miaka 25 yalitolewa 2002: walioachiwa misuli yao hawakufa zaidi ya wenzao. Fikirini ni wanawake wangapi walikatwa bure kabla ya hapo.

Muda unanibana. Kuhusu kidole tumbo niseme hili tu: jaribio la Marekani lililochapishwa 2020 lilionyesha kwamba antibiotiki zaweza kuchukua nafasi ya kisu, ingawa takriban 3 kati ya kila 10 waliozitumia walipasuliwa ndani ya siku 90. Mgonjwa aelezwe yote mawili, achague. Utumbo ulioziba kwa saratani tutauzungumza kwenye maswali. Karibuni, nani anaanza?