Kivuli kizuri, korosho hamna: maongezi chini ya mkorosho, Tandahimba

Wazee wangu shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi. Naona kila mtu kajibana hapa katikati ya kivuli, hata mwenyekiti kasogeza kiti, sawa tu, ila kabla sijaanza haya ya kupunguza miti na matawi naomba kila mtu aangalie chini hapo alipokaa aniambie anaona vidoa vingapi vya jua. Mama kasema viwili. Huyu kijana anasema hamna. Haya sasa angalieni juu, matawi ya ndani. Fito kavu tupu, na vile vichipukizi vyembamba vinavyotoka kwenye shina. Mti mkubwa kama nyumba lakini ndani ni stoo ya kuni.

Mkorosho si mfenesi jamani, kwamba tunda litaning'inia kwenye shina. Ua linatoka kwenye ncha ya tawi jipya la mwaka huo huo, na hiyo ncha lazima iwe imeona jua, kwa hiyo korosho zako zote ziko nje, kwenye ule mfuniko unaopigwa na jua. Sasa miti miwili ikigusana ule upande wa kugusana umekwisha, ikigusana pande zote nne unabakiwa na kofia ya juu tu, na huko juu ndo bloa, ile mashine ya kupulizia dawa, inafika kwa shida.

Wazee hapa wanakumbuka, msimu wa 1973/74 nchi ilitoa tani 145,000 hivi za korosho, halafu ikashuka shuka mpaka 1986/87 tukawa kwenye tani elfu 16 na kitu. Sababu zilikuwa nyingi, bei mbovu, watu kuhamishiwa vijijini wakaacha mashamba mbali, ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, ukaja miaka ya mwisho ya 70, lakini mojawapo ni hii hii tuliyokaa chini yake, miti ilifungana ikawa msitu. Na wengine tumerithi msitu huo huo tunauita shamba.

Tufanye hesabu, mi napenda hesabu. Ekari moja ukipanda mita 12 kwa 12 unapata miti 28. Ukipanda 9 kwa 9 unapata 50. Ukipanda 6 kwa 6 unapata 112, na hapo mtu anajisifu ana miti mingi. Mti ukiwa mdogo hiyo 6 kwa 6 haina neno, unaokota mapema, ila siku matawi yanapoanza kusalimiana lazima utoe, na kutoka 6 mpaka 12 unatoa mitatu unabakiza mmoja. Najua inauma. Mzee mmoja aliniambia afadhali nimkate mkono. Lakini chukua salfa, ile dawa ya ubwiriunga, mfuko wa kilo 25, kwa kipimo cha robo kilo kwa mti mzunguko mmoja unakutosha miti 100, sasa wewe una 112 kwenye ekari moja na mizunguko ni mpaka mitano, yaani unapulizia kuni.

Halafu usikate kwa kubahatisha. Msimu wa kuokota ndo wakati wa kuchagua, funga kitambaa mti unaozaa sana na korosho zake kubwa, maana kuna mti korosho 180 zinatimiza kilo na kuna mwingine mpaka 240, huo wa pili ndo uwe wa kwanza kuondoka. Kisiki kikichipua usikidharau, unaweza kukibebesha, yaani kukiunganisha na vikonyo vya mbegu nzuri, watu wa utafiti pale Naliendele wanazo.

Sasa hivi vichipukizi vya ndani. Ubwiriunga unapenda kitu laini, jani changa na ua, na unapenda ubaridi wa kivuli, na hauhitaji mvua. Maua yakiwa hayajatoka unajihifadhi wapi? Humo humo ndani, kwenye machipukizi. Yakichanua, upepo unabeba ule unga mpaka kwenye ua. Kwa hiyo Mei kuelekea Juni pita na kisu uyatoe, kazi ya watoto kabisa. Ila matawi makubwa kata mapema, ukishamaliza kuokota, usingoje mti uanze kutoa majani mapya maana hayo ndo yanabeba maua, ukikata hapo umekata korosho zako mwenyewe.

Kukata nako kuna namna. Mwaka wangu wa kwanza nilichukua panga nikapiga tawi nene kutokea juu, likaelemewa, likaanguka na ganda lote la shina mpaka karibu na chini, kama unavyochuna mbuzi. Ule mti ulioza pale pale. Tumia msumeno, anza kukata kidogo kutokea chini ya tawi, halafu kata kwa juu mbele kidogo ya pale ulipoanzia, uzito ukishaondoka ndo unamalizia kile kipande karibu na shina, pale kwenye kikunjo, usiache kigingi.

Na matawi ya chini yainue kiasi cha mita moja hivi, uweze kuinama kuokota na kupalilia, korosho zisilale kwenye majani mabichi zikawa nyeusi ukapewa daraja la pili ghalani. Mita moja, siyo mtu anapandisha mpaka mkorosho unakuwa kama mnazi! Matawi ya chini nayo yanazaa, tena hayo unaokota bila shida.

Kuna swali hapo nyuma. Eeh mama. ... Anauliza mti aliopanda marehemu baba yake, umebanwa na mingine miwili, aukate? Mama, huo wa baba acha, kata hiyo miwili, ukishapata hewa utauona. Nafasi itakayobaki weka karanga au choroko.

Haya mwenyekiti, huu mti ni wako, na tulikubaliana. Wewe kijana uliyesema hamna kidoa hata kimoja, shika huo msumeno, wengine sogeeni na viti vyenu.